Prosesa ya pili haiamki

Wanakikundi, habari za jioni. Ile hitilafu ya emuleta yetu (programu inayoiga kompyuta nzima) nimeibana. Ukiiwasha na prosesa pepe moja, mambo shwari. Ukiweka mbili, ya pili inalala fofofo. Kumbe ishara ya SIPI, ile inayoiambia prosesa ya ziada ianze kazi na wapi ianzie, inafika kabla uzi wake (thread inayoiendesha ndani ya emuleta) haujawa tayari, inapotea kimya kimya. (Ndiyo maana ukiongeza printf, amri ya kuchapisha ujumbe, inapona! Ule ucheleweshaji ndio unaoiokoa.)

Nimeandika kiraka: INIT, ishara ya kuiweka prosesa upya, iipeleke kwanza kwenye hali ya kusubiri, na SIPI ihifadhiwe hadi uzi uanze. Mkijaribu, kagueni rejista: vekta (namba inayobebwa na SIPI) ikiwa 0x08, CS (rejista ya segmenti ya msimbo) lazima isome 0x0800 na IP (rejista ya nafasi ya amri ndani ya segmenti hiyo) 0, yaani anwani 0x8000, kwa kuwa CS huzidishwa kwa 16 kisha IP huongezwa. Atakayeona tofauti atume logi nzima, si picha ya skrini, tafadhali.