Salamu za Krismasi kwa Maskauti, Walezi na Wazazi Wetu

Wapendwa maskauti wa rika zote, kuanzia wadogo wa Sungura, kisha Chipukizi na Mwamba, hadi vijana wakubwa wa Jasiri, walezi wenzangu, wazazi, na wote mliowahi kulala kwenye hema zetu: Bwana asifiwe. Kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Kwa niaba ya walezi wote nawatakia Krismasi njema yenye amani na upendo, na heri na baraka tele za mwaka mpya wa 2025. Mnaosafiri kwenda mashambani wiki hii, Mungu awafikishe salama. Nauli imepanda kama kawaida ya msimu, lakini msikubali kusukumwa ndani ya gari lililokwisha kujaa.

Mwaka huu haukutuhurumia. Aprili na Mei mafuriko yalibeba nyumba na watu, shule zikachelewa kufunguliwa. Juni vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na wapo ambao hawakurudi. Kuna nyumba leo chapati zitapikwa kwa sababu tu watoto wadogo wanazisubiri. Oktoba ikaja SHIF, makato ya bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara, juu ya makato ya nyumba yaliyokuwapo. Mwenye payslipu analalamika, na mama mboga anayeuzia mwenye payslipu analalamika zaidi.

Kambi yetu ya Agosti iliyaonja hayo yote. Wazazi kadhaa waliniambia waziwazi: Mwalimu, ni kambi au karo ya muhula wa tatu. Sikuwa na la kuwajibu, maana nami ni mzazi. Tulikwenda wachache, tukala githeri siku nyingi kuliko tulivyozoea, na watoto wawili wawili wakagawana blanketi. Namshukuru kila aliyechanga, hata yule aliyeleta debe moja la viazi na kuomba jina lake lisitajwe.

Nawakumbusha kwamba kambi ya kwanza kabisa ya uskauti nayo ilipungukiwa. Agosti 1907, kiangazi cha Uingereza, Robert Baden-Powell, mwasisi wetu, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, karibu na Poole. Aliwagawa katika patroli nne: Mbwamwitu, Kunguru, Fahali na Sululu, yule ndege wa pwani. Wengine walitoka shule za matajiri kama Eton na Harrow, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi kutoka Bournemouth na Poole. Wa matajiri walilipa pauni moja, hao wengine shilingi tatu na peni sita za wakati ule. Walilala pamoja na kula pamoja, kila mmoja amelipa kwa kadiri ya mfuko wa baba yake. Hesabu ilipofungwa palibaki pengo la zaidi ya pauni 24, na mzazi mmoja, Saxon Noble, aliyekuwa na wanawe wawili kambini, akalilipa. Naomba hilo likumbukwe mwakani tutakapopanga ada. Mtoto asiachwe nyumbani kwa sababu ya mfuko wa mtu mwingine kuwa mzito kuliko wa babake.

Tunapowasimulia watoto historia hii, tusiwakatie nusu. Pembe iliyowaamsha wavulana wa Brownsea ni pembe ya tandala aliyoipata Baden-Powell kwenye vita vya Wamatabele, Zimbabwe ya leo, mwaka 1896. Gilwell Park, kule Uingereza, ilipofunguliwa mwaka 1919 kuwafunza viongozi, waliohitimu kozi ya kwanza walipewa vijiti vya mti kutoka kwenye mkufu uliohusishwa na Dinuzulu, mwana wa mfalme wa Wazulu. Na Baden-Powell mwenyewe alipokuja kumalizia uzee wake Nyeri, kwenye nyumba ndogo ya Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan, babu zetu walikuwa wakitembea na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni kwa amri ya serikali ya kikoloni. Mambo haya yote ni kweli kwa pamoja. Mtoto wa Kenya anaweza kuyasikia yote na bado akaipenda skafu yake, kwa sababu waliotuletea uskauti sisi, uso kwa uso, ni walimu na mafundi wa hapa hapa ambao majina yao hayamo kwenye kitabu chochote.

Mmoja wao tulimzika Julai.

Wengi wenu mlimfahamu, na waliomfahamu hawahitaji nimtaje. Alikuwa seremala, hakuwahi kulipwa hata shilingi na chama chochote, na kwa miaka mingi alikuwa mlezi wa usiku wa kambi zetu Rowallan, kule Jamhuri, Nairobi, pembeni mwa msitu wa Ngong Road. Mnaikumbuka Rowallan wakati wa mkusanyiko wa maskauti wa dunia wa 2010, vijana wa nchi nyingi wamejaa hadi njiani? Yeye hata usiku huo alizunguka na tochi yake ileile. Alikuwa na utaratibu mmoja. Tulilala miguu ikielekea mlangoni, naye alifungua pazia la hema kidogo, akamulika chini, akahesabu miguu. Hakumulika nyuso, ili asituamshe. Hesabu isipotimia alirudia, na isipotimia tena alipiga filimbi, kambi nzima ikaamka kumtafuta kijana aliyekwenda chooni bila kuaga. Tulinung'unika sana. Tulimwona mzee msumbufu.

Ndiye aliyenipeleka Nyeri mara ya kwanza, nikiwa kijana, kwenye kaburi linaloutazama Mlima Kenya. Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941, na majivu ya mkewe Olave yaliletwa hapo baada ya yeye kufariki mwaka 1977. Kwenye jiwe kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kila skauti anaijua: nimekwenda nyumbani. Mzee alisimama pale muda mrefu. Kisha akatuhesabu, tukapanda gari.

Septemba 5 ilipofika, miezi miwili tu baada ya mazishi, bweni la Hillside Endarasha Academy liliungua usiku, kule Kieni, Nyeri ileile. Wavulana 21. Siwezi kuandika salamu za sikukuu mwaka huu nikawaruka. Usiku wa habari ile niliinuka kitandani nikaenda chumba cha wanangu, nikafunua blanketi upande wa chini, nikahesabu miguu. Nilihesabu tena. Nikakaa sakafuni pale hadi alfajiri, nikalia, nikimlilia mzee na wale watoto pamoja, wala sikuweza kutenganisha kilio kipi ni cha nani.

Kwa hiyo nivumilieni niseme nanyi kama mlezi.

Walezi wenzangu, mtoto wa watu akikabidhiwa kwako jioni, ni wako hadi asubuhi. Msihesabu kwenye karatasi, hesabuni watoto wenyewe: kabla ya chakula, baada ya moto wa kambi, na usiku wa manane wakati kila mtu anatamani kulala. Mshumaa usiingie hemani, jiko la makaa lisiingie hemani hata baridi ikichoma mifupa. Mlango usifungwe kwa nje, kwa sababu yoyote. Watoto wasirundikwe kwa kuwa fedha za hema la pili zimekosekana. Fedha zikikosekana, tupunguze siku, tusipunguze nafasi ya kupumua. Anayeona kazi hii ni ya kuvaa skafu na kupigwa picha kwenye gwaride, aiache mapema, hakuna atakayemlaumu.

Wazazi, ulizeni. Ulizeni shuleni, kanisani, madrasani, kambini: mtoto wangu analala wapi, wangapi chumba kimoja, nani yuko macho? Mwenye nia njema hatakasirika. Tumezoea kunyamaza ili tusionekane wakorofi, na kunyamaza huko kumetugharimu.

Nanyi Jasiri, vijana wangu, nimeona hasira yenu mwaka huu na siwaambii muimeze. Ahadi mliyoiweka ni ya kumtumikia Mungu, nchi na watu wengine, na wadogo wenu wa Sungura wanahitaji mkubwa wa kukaa nao hema la jirani. Njooni. Nchi inayowachosha ina watoto ambao bado wanawaamini. Habari njema ya Krismasi iliwafikia kwanza wachungaji, nayo ilikuwa ni kwa sababu walikuwa macho usiku kulinda kundi. Mungu hakuwatafuta waliolala kwenye majumba. Aliwaendea waliokuwa zamu!

Mambo machache kabla sijafunga. Safari ya Nyeri ya Siku ya Mwasisi, Februari 22, ipo kama kawaida. Ada mtaambiwa Januari, na mwenye uwezo atamlipia asiye nao bila kutangazwa. Tunahitaji watu wawili wa zamu ya usiku kwa kambi ya Aprili, watu wazima, wasio na haraka. Mama yetu, mjane wa mzee, anawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kumsindikiza mumewe. Mkipita karibu na kwake msimu huu, bisheni hodi, msimpite.

Nawatakia tena Krismasi njema, na mwaka mpya wenye afya, riziki na amani. Mungu awabariki na kuwalinda.

Wenu katika uskauti,
Mlezi wa kundi