Kwotabeki anayekosa shabaha

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Umeniuliza kama kijana ambaye chuoni pasi zake zilidakwa na wenzake kwa asilimia 54 au 55 anaweza kuwa kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi, wa kutegemewa kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, maana timu yako huenda ikamchukua mmoja wa namna hiyo kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, na roho yako haijatulia. Anaweza. Ila wanaofaulu ni wachache mno, na hao wachache walikuwa wakikosa kwa namna ambayo kocha anaweza kuishika na kuirekebisha. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu anakosa mara ngapi, tazama anakosaje.

Nianze na hiyo asilimia yenyewe, kwa sababu inapotosha watu kila mwaka. Ni pasi zilizodakwa, gawanya kwa pasi zilizorushwa, basi. Mpokeaji akiudondosha mpira uliomfika mikononi, kosa linaandikwa kwa mrushaji. Akiutupa nje makusudi ili asiangushwe, nalo linaandikwa kwake. Tuseme kijana amerusha mara 30, zikadakwa 16: asilimia 53. Ondoa 3 alizotupa nje makusudi, mrudishie 4 zilizodondoshwa, utapata 20 kati ya 27, asilimia 74. Mwenzake wa chuo kingine naye amerusha 30, zikadakwa 20, asilimia 67, na watu wanamsifu. Ukizitazama moja moja, 8 zilikuwa skrini, zile pasi fupi ambazo mpokeaji anasimama nyuma ya mstari wa kuanzia na hakuna adui karibu. Zitoe, zinabaki 12 kati ya 22. Asilimia 55 kasoro kidogo.

Tim Tebow alitoka chuo cha Florida na asilimia 66. Denver wakamchukua wa 25 kwenye drafti ya mwaka 2010, na msimu wa 2011 pasi zake zilizodakwa zikawa asilimia 46.5. Mpira ulikuwa ukishuka mpaka karibu na kiuno kabla mkono haujapanda kurusha. Chuoni wapokeaji walikuwa wazi kiasi cha kusubiri safari hiyo ndefu ya mkono. Kwenye NFL mlinzi ameshafika.

Halafu shika hesabu moja ya pembe, inaeleza mengi. Mkono ukipotoka digrii 1, mpira unaokwenda yadi 8 unapotea kwa sentimita 13 hivi, na mpokeaji anaudaka bila hata kufikiri. Digrii hiyo hiyo 1 kwenye yadi 35 ni sentimita 56. Digrii 2 zinavuka mita moja, na hapo mpira ni wa mlinzi. Na yadi 35 si mpira wa kubahatisha mbali. Weka mpira kwenye alama za katikati, vile vistari vinavyoonyesha mchezo unaanzia wapi, upande wa kushoto, mpokeaji wa kulia akimbie yadi 15 kisha akate kwenda nje, kwotabeki awe yadi 7 nyuma ya mstari: mpira unaruka yadi 35 hivi ili timu ipate 15. Chuoni safu mbili za alama hizo zimeachana futi 40, kwenye NFL futi 18 na nusu, kwa hiyo chuoni pasi hiyo huwa ndefu zaidi. Kijana anayeirusha mara kwa mara na kukosa nusu yake atatoka na takwimu mbaya kuliko yule ambaye kocha wake hajawahi kumwambia airushe. Mimi ningemwamini zaidi wa kwanza.

Sasa miguu, maana huko ndiko kwenye matumaini. Chukua video, isimamishe pale mguu wa mbele unapogusa nyasi. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia ni mguu wa kushoto. Kabla ya hapo miguu ilitakiwa iwe na upana wa mabega au zaidi kidogo, uzito ukiwa ndani ya mguu wa nyuma. Hatua iwe fupi, vidole vielekee kushoto kidogo ya shabaha ili nyonga ipate kufunguka. Nyonga inatangulia, bega linafuata, kiwiko kinafuata, kiganja mwisho. Akipiga hatua ndefu mno, uzito unabaki nyuma, kiwiliwili kinaegemea nyuma, na mpira unapita juu ya kichwa cha mpokeaji. Bega la kushoto likifunguka mapema, mkono unachelewa na mpira unapanda kuelekea kulia. Mguu ukitua kulia mno, nyonga inajifunga na mkono peke yake unabeba kazi ya mwili mzima. Ukiona kijana anakosa kwa mtindo mmoja, juu na juu tena, furahi. Kosa linalojirudia lina chanzo kimoja.

Josh Allen alikuwa hivyo chuoni Wyoming. Mkono wa ajabu, hatua ndefu, miguu isiyotulia, asilimia 56 mwaka 2016 na 56 tena mwaka 2017. Ule wa pili alicheza bila mpokeaji wake Tanner Gentry na mkimbiaji Brian Hill, waliokuwa wameshaondoka, na mbinu za Wyoming hazikuwa za kumrundikia pasi za bure. Buffalo wakamchukua wa 7 mwaka 2018. Msimu wa kwanza 52.8. Wa pili 58.8. Wa tatu, 2020, asilimia 69.2, wakati wastani wa ligi nzima ulikuwa karibu 65. Msimu wa 2024 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Watu wanaitaja hadithi hiyo kila kijana mwenye mkono mzito anapotokea, na wanaruka sehemu ya kati. Kati ya msimu wa pili na wa tatu Allen alifanya kazi na mwalimu wake Jordan Palmer, mwendo wa mwili wake ukapimwa kwa kamera ili ionekane nyonga na mkono vinapishana wapi. Mratibu wa mashambulizi, Brian Daboll, alikuwa yule yule misimu yote mitatu, kwa hiyo kijana hakulazimika kujifunza lugha mpya kila mwaka. Machi 2020 timu ikamleta mpokeaji Stefon Diggs kutoka Minnesota, akadaka pasi 127 msimu huo. Na wakati mkono ukijifunza, miguu ilikuwa ikilipa deni: yadi 631 za kukimbia msimu wa kwanza. Ondoa kimoja kati ya hivyo vinne, sidhani tungefika 69.

Brett Favre ni wa zamani, ila anafaa kukumbukwa. Chuoni Southern Mississippi asilimia 52. Atlanta wakamchukua wa 33 mwaka 1991. Msimu huo alirusha pasi 4, hazikudakwa na wenzake hata moja, na 2 zikaishia kwa wapinzani. Akahamia Green Bay kwa Mike Holmgren, kocha aliyedai kila hatua ya miguu ilingane na hatua ya mpokeaji, na mwaka 1992 akafika asilimia 64. Zama zile hiyo ilikuwa namba kubwa sana.

Upande wa pili ni macho, na hapa ndipo ninapokuwa mgumu. Kuna kijana ambaye miguu yake ni safi, mpira unatoka vizuri, lakini unatoka nusu sekunde baada ya wakati wake. Anangoja amwone mpokeaji yuko wazi ndipo arushe. Kwenye NFL mpira unatakiwa uwe hewani mpokeaji akiwa bado hajageuka. Chukua njia ya mshazari: mpokeaji anapiga hatua 3, anakata kuingia ndani. Mpira unapaswa kumkuta kifuani, mbele yake kidogo, aupokee bila kupunguza mwendo. Ukimfika kwenye nyonga ya nyuma, anasimama, anajipinda, anaudaka na kuangushwa pale pale. Timu imepata yadi 6 badala ya 20, na takwimu imeandika pasi nzuri. Ukichelewa zaidi ya hapo, mlinzi wa kati ameshaingia njiani. Aina hii hukosa huku na huku, juu leo, nyuma kesho, chini keshokutwa, kwa sababu kila pasi ameirusha kwa haraka mpya. Kocha wa miguu hana pa kushika.

Kyle Boller alitoka California akiwa na asilimia 48 ya chuoni. Kwenye mazoezi mbele ya wakaguzi alipiga magoti katikati ya uwanja akarusha mpira ukapita kati ya nguzo za goli, na Baltimore wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata ili wampate wa 19 mwaka 2003. Hakuwahi kuwa yule waliyemlipia. Nguvu ya mkono inaongeza umbali wa kosa vilevile. Jake Locker wa Chuo Kikuu cha Washington, asilimia 54 chuoni, alichukuliwa wa 8 na Tennessee mwaka 2011. Akamaliza na 57.5 katika ligi, mwili umeumizwa mara nyingi, akastaafu 2015. Anthony Richardson ndiye anayenisikitisha zaidi. Alianza mechi 13 tu chuoni Florida, 53.8 mwaka wa mwisho, Indianapolis wakamchukua wa 4 mwaka 2023 na kumwingiza uwanjani siku ya kwanza. Bega likaumia mapema msimu huo huo, na mwaka 2024 zikadakwa 47.7 kwa mia. Samaki hukunjwa angali mbichi, kweli, lakini huwezi kumkunja huku unamkaanga. Kijana wa mechi 13 alihitaji mwaka mzima wa kukaa pembeni na kurusha maelfu ya pasi ambazo hakuna anayezihesabu.

Kwa huyo wa timu yako, fanya hivi. Tafuta mechi 4 nzima, zisiwe vipande vya sifa, na angalau 2 dhidi ya wapinzani wenye nguvu. Toa skrini zote na mipira iliyotupwa nje, ubaki na pasi kama 100. Kwa kila pasi andika ilikwenda yadi ngapi hewani, kama kulikuwa na mtu usoni mwake, ilikosea upande gani, na mguu wa mbele ulitua wapi. Usiandike kama ilidakwa. Andika kama mpokeaji alilazimika kupunguza mwendo. Halafu zitenge zile za yadi 5 hadi 15 zilizorushwa bila bughudha, miguu ikiwa imetulia. Hizo ndizo za kumpima nazo. Akizikosa hizo ovyo ovyo, omba timu yako imwachie mwingine. Akizipata karibu zote, na makosa yake mengine yakawa juu na kulia, tena mguu ukiwa umenyooka mno, basi unaye mtu wa kufanyiwa kazi. Linalobaki ni kujua kama kocha wa mashambulizi ana uhakika wa kuwepo miaka mitatu, na kama safu ya mbele, wale wanaomkinga, inaweza kumpa sekunde 2 na nusu za kusimama vizuri.

Drafti ni Aprili, muda upo. Ukishaandika hizo 100 nitumie, tuzipitie pasi kwa pasi.

Wako,
Mwinyi