YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAYAI BENEDICT NA MAJIBU YA WEITA WENU

Ndugu Meneja, habari za kazi.

Mimi ni mteja niliyekuja hapo kwenu Masaki Jumapili iliyopita na mke wangu, saa tano na nusu asubuhi, tulikaa ile meza ya dirishani inayotazama baharini. Naandika kwasababu niliondoka hapo na donge na mpaka leo halijashuka.

Kwanza ujue mimi ni nani. Nakaanga chipsi mayai Temeke, huu mwaka wa 9, kwa siku namaliza trei 4 mpaka 5 na trei moja ni mayai 30, kwahiyo yai nalijua, nikilitikisa tu sikioni najua hili la juzi au limekaa. Na hayo mayai Benedict nimeyafuatilia muda mrefu kwenye simu, najua yalianzia New York huko Marekani karne ya 19, kimkate kinakatwa kati kinachomwa, juu inakaa nyama ya nguruwe, juu ya nyama yai lililopikwa kwenye maji bila ganda, halafu inamwagiwa sosi ya holandezi. Nilichokuwa nakitaka ni kile kiini, ukikata kwa kisu kinatiririka kinalowanisha mkate, maana kwenye zege, yaani hizo chipsi mayai, kiini hukioni, kimeshapigwa na ute wake. Nikaweka hela kidogo kidogo mpaka ikatimia. Sahani moja elfu 38, mimi hiyo nanunua trei 3 na chenji inabaki.

Sisi hatuli nguruwe, nikauliza, weita akasema wanaweza kuweka samaki wa moshi badala yake, na kweli akaletwa na alikuwa mtamu. Hapo nawashukuru.

Lakini mayai jamani! Tumesubiri dakika 50, sahani imekuja ya baridi, nakata kiini kigumu kama yai la kuchemsha la stendi, mke wangu nae akakata lake hivyohivyo. Kiini kinaanza kuganda kwenye nyuzijoto kama 65, ikishavuka 70 ndo basi tena, kwahiyo hayo mayai ama yalisahaulika kwenye maji ama yalipikwa mapema yakaja kupashwa. Sosi nayo imekatika, siagi imejitenga pembeni inaelea, katikati vipunje vipunje, hiyo ilipata moto mkali wakati viini, siagi na limao vinatakiwa vikorogwe taratibu kwa joto la mvuke. Sawa, jikoni kila mtu anakosea, hata mimi naunguza, lakini nikiunguza namwambia mteja kaa kidogo nikukaangie nyingine.

Kilichoniuma ni majibu. Nimemwita weita kwa heshima kabisa, nikamwambia kaka haya mayai yameiva mno, naomba mtubadilishie. Akacheka, akasema "Hiki chakula cha kizungu bro, ndo kilivyo, we hujakizoea tu." Kwa sauti, mpaka meza ya jirani wakageuka. Mke wangu akaniambia "Baba Salma, tulipe tuondoke." Tukalipa zote mbili, elfu 76, tukaacha sahani zimejaa.

Kwahiyo mtu akitoka Temeke hawezi kujua yai limeiva vipi? Na wangapi wameletewa hiyo hiyo wakaambiwa ndo kilivyo, wakaamini, wakarudi kwao wanajua hayo mayai hayana maana?

Risiti ninayo na picha za sahani nilipiga. Naomba elfu 76 yetu irudi, na huyo kijana ampigie mke wangu simu amuombe radhi yeye mwenyewe, isiwe kupitia kwako. Halafu mpishi wenu akiwa tayari kunipikia yai moja tu lenye kiini kinachotiririka, mniambie siku, nitakuja na nitalipia.

Ni mimi mteja wenu,
Baba Salma, Temeke