Mvutaji akipata mafua, si mafua yale yale

Mhariri,

Kila mafua yanapovuma mjini, vyombo vya habari hutukumbusha kunawa mikono, kufunika mdomo tunapokohoa na kwenda kituo cha afya homa inapozidi, na ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, sikumbuki kusoma ndani yake neno moja kuhusu sigara. Onyo la tumbaku tumeliegemeza kwenye saratani, maradhi ambayo kijana wa miaka ishirini na miwili huyaona yako mbali kama uzee wenyewe, ilhali madhara yanayoweza kumpata wiki ijayo, akiambukizwa virusi vya mafua au vya UVIKO-19, hayatajwi.

Mfano ulio wazi kuliko yote niliyopata kuisoma ulichapishwa mwaka 1982 katika jarida la New England Journal of Medicine, nao unahusu kikosi kimoja cha jeshi la Israeli kilichokumbwa na mlipuko wa mafua ya aina ya H1N1. Kikosi hicho kilikuwa na vijana 336 wenye afya njema. Miongoni mwa wavutaji waliugua asilimia 68.5, na miongoni mwa wasiovuta asilimia 47.2. Tofauti haikuishia kwenye idadi ya waliougua, kwa kuwa asilimia 50.6 ya wavutaji walilazimika kulala kitandani au kukosa kazi, wakati kwa wenzao ilikuwa asilimia 30.1. Hao hawakuwa wazee waliovuta kwa miaka arobaini. Walikuwa askari, watu ambao kila mmoja wetu angewataja kama mfano wa uzima.

Sababu yake si fumbo. Njia zetu za hewa zimetandikwa vijinywele vidogo mno ambavyo, usiku na mchana, husukuma ute kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa humo. Moshi wa tumbaku huvipooza vijinywele hivyo na hatimaye kuviua, huku ukizidisha ute, na ndiyo maana mvutaji huamka akikohoa makohozi ambayo mapafu yake yameshindwa kuyatoa usiku kucha. Virusi vya mafua navyo hushambulia ukuta huo huo. Kwa mvutaji, basi, virusi hukuta walinzi wamekwisha kulemaa, humalizia waliobaki, na bakteria hupata njia nyeupe ya kushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Hapo ndipo mafua ya siku tano yanapogeuka nimonia.

Wapo watakaokumbuka kwamba mwaka 2020 zilienea habari kutoka Ufaransa kuwa nikotini huenda ikawakinga watu dhidi ya virusi vya korona, hata serikali ya huko ikalazimika kuwekea mipaka uuzaji wa plasta za nikotini. Habari hizo zilitokana na takwimu za hospitali zilizoonyesha wavutaji wachache, bila kuzingatia vya kutosha kwamba mgonjwa aliyehemewa mara nyingi haulizwi kama anavuta, na aliyeacha juzi kwa kuzidiwa huandikwa kuwa si mvutaji. Mwezi Mei mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wavutaji wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua vibaya wakipata UVIKO-19. Uvumi ulikimbia; masahihisho yalitembea.

Kuhusu sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, ushahidi ni mchanga kuliko ule wa sigara ya kawaida, na sitaki kuutia chumvi. Vifo 68 vya wavuta vepu vilivyohesabiwa Marekani hadi Februari 2020, kwa mfano, havikusababishwa na virusi, bali vilihusishwa zaidi na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, na si haki kuvitumia kumtisha kila anayevuta vepu. Ninachopinga ni ule usemi wa wauzaji kwamba ni mvuke tu. Neno mvuke kwetu lina heshima yake. Tumelelewa tukijifukiza nyungu tukiwa na mafua, na mwaka 2020 nusu ya mtaa wetu ilikuwa chini ya blanketi. Kinachotoka kwenye vepu si maji yaliyochemka. Ni matone madogo ya propilini glikoli na glisarini, yaliyobeba viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba panya waliovutishwa hewa hiyo kwa miezi kadhaa waliugua vibaya zaidi walipoambukizwa mafua, hata pale ambapo hapakuwa na nikotini ndani yake. Panya si binadamu, lakini hakuna mfanyabiashara aliyetuonyesha kinyume chake kwa binadamu.

Watoto sitawasemea kirefu. Mtoto mchanga anayelala chumba kimoja na moshi wa baba yake huugua mkamba na nimonia zaidi ya wenzake, na yeye hakuulizwa.

Naomba, kwa hiyo, ujumbe wa sigara uingizwe kwenye matangazo ya kujikinga na mafua, si ubaki kwenye maadhimisho ya Siku ya Kutovuta Tumbaku Duniani, Mei 31, peke yake, na mhudumu anayempokea mgonjwa wa kikohozi amwulize kama anavuta, ikiwamo vepu na shisha, kwa sauti ya kutaka kumtibu na si ya kumsuta. Amwambie pia jambo ambalo wengi hawaambiwi: akiacha, vijinywele vilivyobaki huanza kuamka, na kwa wiki kadhaa kikohozi chaweza kuongezeka kwa sababu mapafu yanafagia uchafu wa miaka. Nimewaona watu wakirudia sigara katika wiki hizo hizo, wakiamini kwamba kuacha ndiko kulikowaumiza.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam