Barua kutoka Kent: kihamba chetu na mila ya hapa

Kaka, shikamoo.

Ajenda ya kikao cha ukoo nimeipata. Nimesoma pale unapotaka kihamba, shamba letu la ukoo, kiwe chako kwa kuwa "hata Wazungu humpa kifungua mimba kila kitu". Kaka, hao Wazungu ndio majirani zangu, na hapa Kent, Uingereza, mambo hayakuwa hivyo.

Ni kweli sehemu kubwa ya Uingereza mwana wa kwanza alirithi ardhi yote. Ila Kent walikuwa na mila yao, gavelkind, iliyodumu mpaka ikafutwa kwa sheria ya mwaka 1925. Baba akifa, wana wa kiume waligawana ardhi sawa kwa sawa. (Mabinti walipata pale tu ambapo hakuna mwana wa kiume, hapa usiwasomee dada zetu.) Na zamani, meko ya nyumbani yalikuwa ya kitinda mimba, kama kwetu Marangu!

Wapo waliodhani jina hilo la gavelkind maana yake "wape ndugu wote". Tamu kusikia, lakini sivyo. Mwanzo wake ni gafol, Kiingereza cha kale cha kodi: wenye ardhi hiyo walilipa kodi, hawakudaiwa kwenda vitani.

Sasa usiseme nimetaka tukikate kihamba. Ireland, sheria ya mwaka 1704 iliwalazimisha Wakatoliki kugawa ardhi kwa wana wote, makusudi, mashamba yao yazidi kusagika kila kizazi. Mwana wa kwanza akihamia kanisa la watawala, anazoa yote. Kihamba chetu chenyewe ukikipiga mapande matatu, migomba itasimama wapi?

Kilichonikalia rohoni ni habari ya mjane. Kent alipewa nusu ya ardhi, akaishika mpaka afe au aolewe tena, wakati kwingineko Uingereza alipata theluthi. Ajenda yako nimeirudia yote: kuna mipaka, kuna kahawa, kuna hata ile miti ya mbao. Mama hayumo. Na ndiye anayepalilia, na kaburi la baba liko nyuma ya jiko lake.

Naomba kikao kisogezwe mpaka Mama aulizwe, yeye mwenyewe, si kupitia kwa baba mdogo. Sehemu yangu mimi wa katikati andika nimemwachia yeye. Karatasi yenye sahihi yangu naituma wiki ijayo, pamoja na hela ya mbolea.

Wasalimie wote.

Mdogo wako.