Ghorofa Kumi za Kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba umejiandikisha kwenye mashindano ya kupanda ngazi za jengo refu, na nimecheka kidogo (usinikasirikie) kusoma kwamba siku ya kwanza ya mazoezi ya ngazi, wewe mkimbiaji wa mita 1,500, ulipitwa na bwana wa makamo aliyekuwa anatembea. Neno "anatembea" umeliandika kwa herufi kubwa tupu. Nimeona lilivyokuuma.

Yule bwana alikuwa anapanda, wewe ulikuwa unakimbia. Hayo ni mambo mawili, na mashindano yako yako mbali kiasi cha kutosha kujifunza hilo la kwanza.

Chukua mashindano ya Empire State Building ya New York, ambayo nadhani ndiyo yanayojulikana kuliko yote katika mchezo huu. Yalianza mwaka 1978: ghorofa 86, ngazi 1,576, kimo cha mita 320 hivi. Mshindi wa kwanza, Gary Muhrcke, ndiye aliyekuwa ameshinda marathoni ya kwanza ya New York mwaka 1970, kwa hiyo wakimbiaji mna haki yenu humu. Mwaka 2003 Paul Crake wa Australia alipanda ngazi hizo kwa dakika 9 na sekunde 33. Sasa shika kalamu. Ngazi 1,576 kwa muda huo, mtu akipanda mbili mbili, ni hatua 82 hivi kwa dakika. Wewe uwanjani unapiga zaidi ya 180. Maana yake miguu yako ina wepesi mwingi kuliko unaohitajika, na bado ulipitwa. Kazi iko kwenye kuunyanyua mwili, karibu sentimita 40 kila hatua, na kuendelea kuunyanyua pale unapotamani kukaa chini.

Uwanjani ukizidisha kasi mzunguko wa kwanza, unaweza kulegeza kidogo wa pili, mwili ukaendelea kusogea huku pumzi ikirudi. Kwenye ngazi hakuna pa kulegezea. Hata ukienda mwendo wa kobe, kila hatua bado unaubeba uzito wako wote kwenda juu, na deni ulilokopa ghorofa ya tano utalilipa na riba mpaka mlango wa mwisho. Tena deni lenyewe halidai mapema. Dakika ya kwanza misuli inatumia akiba yake, moyo na mapafu havijapata habari, nawe unajiona una nguvu za ajabu. Ikifika ya pili au ya tatu, mapaja yanakuwa mazito kwa mara moja na hakuna kocha awezaye kukusaidia. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sidhani kama waliwahi kuona ngazi za dharura za jengo refu, lakini wangezielewa.

Kwa hiyo ghorofa kumi za kwanza zipande kwa namna itakayokuudhi. Ukijiona unaenda vizuri, punguza. Usitegemee hisia, tegemea saa: hesabu sekunde kwa kila ghorofa. Crake alitumia chini ya sekunde 7 kwa ghorofa, lakini hiyo ni yake. Yako utaipata mazoezini. Ukipanda jengo mara kadhaa na mpando wa mwisho ukawa wa polepole kuliko wa kwanza, basi mwendo uliouchagua bado si wako.

Si lazima upate mnara. Jengo la ghorofa kumi linatosha ukiomba ruhusa kwa wenye nalo: panda, shuka kwa lifti, panda tena. Lifti si uvivu. Kushuka ngazi ndiko kunakochana misuli, kwa sababu paja linafanya kazi huku likivutwa, na kesho kutwa hata kukaa kitini ni shughuli. (Wapo wanaopenda kushuka pia. Kule Radebeul, Ujerumani, kuna ngazi 397 ambazo watu huzipanda na kuzishuka mara 100 ndani ya saa 24, hadi wafikishe kimo cha Everest. Hao waache kwanza.) Mashine ya ngazi ya jimu inafaa kwa pumzi, ila haina kona, na ngazi zake zinakushukia zenyewe. Itumie siku ambazo huna jengo.

Umeniuliza kama upande moja moja au mbili mbili. Wengi wa mbele hupanda mbili mbili. Wewe si mrefu, na ngazi za majengo hazilingani kimo, kwa hiyo jizoeze zote mbili. Ukibadilisha kwa ghorofa moja au mbili, kazi inahama kidogo kutoka makalio na mapaja kwenda mashavu ya miguu, na hayo ndiyo mapumziko pekee utakayopewa.

Jambo ambalo hukuliuliza ni reli ya ngazi, na hapo ndipo nadhani yule bwana alipokushindia. Kuishika kunaruhusiwa katika mashindano mengi. Shika ya ndani, ile inayozungukwa na ngazi. Mkono unatangulia mbele, unavuta, mguu unafuata. Kabla hujaifikia kona, mkono uwe tayari umehamia reli inayofuata, kisha zunguka kwa hatua mbili fupi karibu na nguzo, usichore duara pana. Kila ghorofa ina kona, mara nyingi mbili. Hatua moja ya bure kwenye kila kona ni ghorofa kadhaa ulizotembea bila kupanda. Uliza mapema ngazi za jengo lenu zinapinda kushoto au kulia, uufanyishe mazoezi mkono unaohusika. Wengine huvaa glavu, kwa kuwa jasho linateleza kwenye chuma. Mimi sikuwahi kuzipenda.

Usidhani pia kwamba uwanja umekuharibu. Suzy Walsham wa Australia alitoka kwenye mita 800 na 1,500 kama wewe, akashinda Empire State mara 10, ya mwisho mwaka 2019, akiwa ameshavuka miaka 40. Una muda wa kutosha wa kukasirika na kutulia.

Siku yenyewe huenda mkaachiliwa mmoja mmoja, kila mtu na muda wake. Basi aliye mbele yako si wa kufukuzwa. Hujui alianza lini wala anapanda kwa hesabu gani. Ukimfikia, mwambie "nipishe" mapema, naye akikuambia wewe, sogea bila kununa. Hewa ya mle ndani ni kavu na ya vumbi. Koo litawasha, na kikohozi kinaweza kukufuata mpaka jioni, hicho usikiogope. Lakini kifua kikibana au kichwa kikizunguka, simama hapo hapo uwaite wasimamizi. Hilo nakuambia kama mama, halina mjadala.

Ukifika juu usijitupe sakafuni mlangoni, wenzako wanakuja nyuma. Sogea pembeni, tembea tembea, kunywa maji, kisha uniandikie. Muda wa mwisho najua utautangaza kwa kila mtu. Mimi nipe muda wako wa katikati ya jengo, nione nusu ya pili imekula sekunde ngapi zaidi ya ile ya kwanza.

Mama yako