Tumkumbuke Kezilahabi kwa kumsoma

Sinza, Dar es Salaam
10 Januari

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu sana.

Jana ilikuwa tarehe 9, siku aliyofariki mwandishi Euphrase Kezilahabi hapahapa Dar mwaka 2020. Nilishinda na riwaya yake Rosa Mistika mapajani, na nina jambo la kukuambia.

Wanafunzi wangu wakiisoma riwaya ile hukimbilia kumhukumu Rosa. Kila insha: binti alipotoka, binti alikosa maadili. Mimi huwarudisha kurasa za mwanzo, kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mtoto aliyelelewa kwa hofu atajilindaje siku akiwa mbali na macho ya baba? Kezilahabi aliliuliza swali hilo kitabu kilipotoka mwaka 1971, akiwa hajatimiza hata miaka 30. Kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Naamini waliokizuia walimtazama Rosa mno, Zakaria wakampita.

Ujasiri huohuo aliupeleka kwenye ushairi. Diwani yake Kichomi ilipotoka mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, wanamapokeo, yaani watetezi wa ushairi wa jadi, walimjia juu kwelikweli. Hakurudi nyuma, ikafuata Karibu Ndani, kisha Dhifa. Tena Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza ya nyumbani kwao Ukerewe! Riwaya zake Nagona na Mzingile tutazizungumza tukionana, maana vile vitabu vyembamba vinataka usiku mzima.

Sasa, mwenzangu, sitaki tumkumbuke kwa hotuba tu. Jumamosi ijayo nimewaalika wazazi wa wanafunzi wangu barazani kwetu, hasa akina baba, tusome sura ya kwanza ya Rosa Mistika kwa sauti, kisha tuzungumze. Mmoja wao, dereva wa daladala, ameomba nakala mapema aisome akisubiri abiria kituoni. Nilifurahi mno, nikampa ya kwangu yenye maandishi ya kalamu pembeni. Nyingine nitazitafuta kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta.

Nawe nina ombi kwako, kwa kuwa uko Mwanza na ziwa liko mlangoni. Ukipata nafasi likizo ya Pasaka, panda meli uvuke hadi Nansio kule Ukerewe, ufike Namagondo alikozaliwa Kezilahabi. Watafute wazee wanaomkumbuka tangu utotoni, uwaulize alikuwa kijana wa namna gani, na wajukuu wao wanamsoma au la. Andika kama watakavyosema wenyewe, usiwasahihishe Kiswahili chao. Nauli ya meli nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi, usikatae.

Wasalimie watoto na shemeji.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako wa Sinza